Paa lililoondoka zima: kisa cha nyumba moja baada ya dhoruba

Paa la nyumba ile tulilikuta shambani, hatua kama 40 kutoka mahali liliposimama kwa miaka 11. Halikuwa limetawanyika. Lilikuwa limepinduka, mabati yakiwa chini, papi (mbao zinazopigiliwa mabati) zikiwa juu yake na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zikitazama juu, na karibu kila msumari ulikuwa bado mahali pake. Kwenye kingo zake mbili ndefu ilining'inia mikia ya waya, na mwisho wa kila mkia kulikuwa na tofali.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya matofali hayo. Yalikuwa yanatueleza nyumba ilivunjika wapi, na sisi tuliokuja kusaidia tulibakiza kidogo tu tuyachome moto pamoja na mbao.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mita 6 kwa mita 4 na nusu, ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo. Humo waliishi watu sita: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu, mkubwa akiwa kijana wa miaka 16. Baba ni kibarua wa kutwa. Siku asiyoitwa kazini, hakuna kinachoingia. Mama hushona kwa cherehani ya kukanyaga aliyoichukua kwa mkopo, na mkopo ulikuwa haujaisha dhoruba ilipokuja. Bibi hutembea kwa kushikilia ukuta. Nalieleza hili mapema kwa sababu wengi waliofika pale walizungumza kana kwamba shida za familia zilianza usiku ule, na kwamba nyumba ikishasimama zitakuwa zimekwisha. Familia hii ilikuwa inahangaika kabla upepo haujavuma. Dhoruba iliondoa tu kile kidogo kilichokuwa kinafunika mahangaiko hayo.

Sisi tulioratibu kazi tulikuwa wanne: fundi seremala, mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye jicho kali la hesabu, na mimi ambaye nimefanya kazi za ujenzi kwa miaka mingi.

Siku za mwanzo

Msaada wa kwanza haukuchelewa, na hilo linastahili kusemwa. Kabla ya jua kutua siku ya kwanza familia ilikuwa na maturubai mawili, mablanketi, maji safi na mahali pa kulala kwa jirani. Siku ya pili wakaja vijana kama ishirini na mapanga na mabeleshi kusafisha uwanja. Walikuwa na moyo, na hawakuwa na mtu wa kuwaelekeza. Mtoto wa kati alikanyaga msumari wenye kutu siku hiyo hiyo. Bahati nzuri alipelekwa kupata sindano ya pepopunda bila kuchelewa. Hadi leo nikiingia kwenye uwanja wenye kifusi cha dhoruba, jambo la kwanza ninalouliza ni nani amevaa viatu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la moto. Mbao zilizovunjika zilianza kukusanywa na kuchomwa ili uwanja uonekane safi. Ukuta mmoja wa pembetatu, ule unaoziba mwisho wa paa, ulikuwa umeanguka ndani, na mbao zake zilikuwa zimeshaungua tulipofika. Vijana wakaanza kulisogelea paa lenyewe kule shambani. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chini ya mti, akaniita.

"Mwanangu, mnalichoma hilo paa hata hamjaniuliza limeondokaje. Mimi nililiona."

Nikachutama mbele yake, naye akasimulia bila haraka. Kwanza dirisha la upande wa upepo lilifunguka kwa kishindo, komeo likang'oka. Upepo ukajaa ndani hadi masikio yakamuuma. Kisha paa likainuka kidogo upande ule ule, likashuka, likainuka tena. "Lilipumua mara mbili," alisema. Mara ya tatu halikurudi.

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu upepo na paa. Sijakutana na yaliyo sahihi kuliko hayo.

Kulisoma paa

Tuliuzima moto na kwenda shambani tukiwa na bibi moyoni na kijana mkubwa miguuni. Yeye ndiye aliyetambaa chini ya kenchi akihesabu matofali.

Paa lililong'olewa na upepo husomeka kama alama za nyayo. Ukikuta bati lina matundu yaliyochanika na misumari imebaki kwenye papi, bati ndilo lililoshindwa: ni jembamba mno, au misumari ni michache. Ukikuta misumari imetoka na bati ikiwa imenyooka, mbao ndizo zilizoiachia: misumari ni mifupi, au mwili wake ni laini usio na msokoto wa kung'ata mbao. Papi zikiwa zimeondoka na mabati na kenchi zimebaki ukutani, tazama kiungo cha papi na kenchi. Na paa likiwa limeondoka zima, kosa liko chini ya yote hayo, pale paa linapokutana na ukuta.

Letu liliondoka zima. Fundi wa zamani alikuwa amefanya kazi nzuri kwenye mabati, kwenye papi na kwenye kenchi. Kisha akaulaza ubao juu ya ukuta na kuufunga kwa waya uliopita chini ya mstari mmoja tu wa matofali. Waya haukukatika. Ulilishika tofali kwa uaminifu na kuondoka nalo.

Hapa hesabu inasaidia, na si ngumu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Ukipita juu ya paa, msukumo huo hugeuka kuwa mvuto wa kulinyanyua, na mvuto ni mkali zaidi kwenye kingo na kona. Dirisha likifunguka, upepo ulioingia ndani nao unasukuma paa kutoka chini. Ndicho bibi alichokisikia masikioni. Paa lile pamoja na vibaraza vyake lilikuwa na mita za mraba karibu 35, kwa hiyo hata kwa makadirio ya kawaida tunazungumzia nguvu ya karibu tani mbili ikivuta kwenda juu. Bati jembamba halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba. Igawe nguvu hiyo kwa kuta mbili ndefu zilizobeba paa, mita 12 kwa jumla, unapata zaidi ya kilo 160 kwa kila mita ya ukuta. Mstari mmoja wa matofali ya kuta zile hauzidi kilo 40 kwa mita. Kilo 40 zilipewa kazi ya kuzuia 160.

Na upepo ukiongezeka mwendo mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Ndiyo maana nyumba inaweza kustahimili pepo za miaka 11 mfululizo na kuondoka kwa usiku mmoja, na mwenye nyumba akaamini kwamba haikuwa na kasoro.

Hakuna jipya katika hili. Kimbunga Haiyan kilipoipiga Ufilipino Novemba 2013, walioratibu misaada ya makazi walisambaza kwa wajenzi ujumbe nane mifupi wa kujenga upya kwa usalama. Mmoja wao ulihimiza kuifunga nyumba kuanzia chini kwenda juu, na mwingine viungo imara. Msingi ushike ukuta, ukuta ushike ubao, ubao ushike kenchi, kenchi ishike papi, papi ishike bati. Kiungo kimoja kikilegea, vyote vilivyo juu yake ni mzigo wa upepo.

Mabati yaliyokuja na sharti

Wiki ya pili ikaja habari iliyofurahisha kila mtu. Kundi moja la wahisani lilijitolea kuipa familia mabati mapya ya kutosha nyumba nzima. Kulikuwa na sharti: yapigwe ndani ya siku kumi, ili kazi ionekane imekamilika.

Yaangalie mabati ya zamani. Zaidi ya nusu yalikuwa mazima. Sehemu pekee ya nyumba ambayo haikushindwa ndiyo tuliyokuwa tunaletewa mpya, na sehemu iliyoshindwa haikuwa na mtu wa kuilipia. Nawaelewa wahisani. Bati linang'aa na mtu akipita barabarani analiona. Nondo ikishazikwa kwenye zege hakuna atakayeiona tena, na hakuna anayepiga picha ya kitu kilichozikwa. Lakini tungeyakubali kwa sharti lile tungekuwa tumeijengea familia paa jipya juu ya kosa lile lile, na tukaenda nyumbani tukiwa na furaha.

Tulibishana usiku mzima. Mwalimu alihofia tukikataa tutakosa yote. Seremala alisema yeye hapigi msumari hata mmoja juu ya ukuta ule. Mama mwenye hesabu ndiye aliyeuliza swali lililotufungua: je, tumewauliza wenye nyumba?

Hatukuwa tumewauliza. Wiki mbili tulikuwa tukiijadili nyumba yao kwa jirani yao.

Asubuhi tukakaa nao. Baba alisikiliza hesabu ya kilo 40 na kilo 160, akanyamaza, kisha akasema kwamba fundi alimwambia miaka ile kuwa mkanda wa zege juu ya kuta ungehitajika, naye akamjibu kuwa fedha zimeishia kwenye mabati. Alisema hivyo kama mtu anayekiri dhambi. Nikamwambia ndivyo watu wengi wanavyojenga duniani, wakianza na kile kinachozuia mvua ya kesho. Mama akasema anakubali kukaa chini ya turubai mwezi mmoja zaidi kama paa litakalokuja halitamfanya asilale kila upepo ukivuma. Hilo ndilo lililoamua.

Tuliwarudia wahisani na tofali moja lenye waya wake. Tuliliweka mezani na kueleza. Tukawaomba wapunguze mabati hadi nusu, na thamani ya nusu nyingine iwe saruji, nondo, kanda za chuma za kufungia kenchi, na siku arobaini badala ya kumi. Walikubali. Sidhani kama karatasi ya maelezo ingefanya kazi iliyofanywa na lile tofali.

Kutwa za baba

Kuna jambo jingine tulilokaribia kulikosea, na naliona limekosewa mara nyingi. Ni desturi ya misaada ya ujenzi kuitaka familia ichangie nguvu kazi, kwamba ikishiriki itaithamini nyumba. Wazo lina maana. Lakini kibarua wa kutwa akibeba mchanga kwake siku nzima, jioni hana cha kuwapa watoto. Kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi, siku moja ya kujitolea ni ukarimu. Kwa huyu ni njaa.

Baba alishiriki siku nne za kwanza bila kusema neno. Siku ya tano hakuja, na mtu mmoja katika kundi letu akasema, bila ubaya, kwamba labda hajali. Kumbe alikuwa amekwenda kutafuta kutwa, na kwa siku zile nne alikuwa amekopa. Kumbuka kwamba tayari kulikuwa na deni la cherehani. Msaada wetu ulikuwa unaiongezea familia madeni.

Tukabadilisha. Baba akalipwa kutwa kama msaidizi mwingine yeyote wa fundi, kwa kiwango kile kile, kutoka mfuko wa ujenzi. Kulikuwa na minong'ono: vipi mtu alipwe kujenga nyumba yake mwenyewe? Jibu langu ni kwamba angelipwa mtu mwingine kwa kazi hiyo hiyo. Fedha zilikuwa zinatoka kwa vyovyote. Kilichobadilika ni mlango zilikoingia. Tena akajifunza kufunga nondo, na sasa anaitwa kwa kazi hiyo.

Cherehani ilikuwa imelowa. Kuisafisha na kubadilisha mkanda wake kulitugharimu chini ya bei ya mabati mawili, na mama akaanza kushona tena wiki ya tatu, akiwa chini ya turubai. Kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu kwa familia ile siku ya kwanza, ningeanza na cherehani.

Suala la kiwanja nalitaja kwa ufupi. Kilikuwa kwa jina la kaka mkubwa wa baba, anayeishi mbali, na makubaliano yao yalikuwa ya mdomo. Kuweka zege kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mwingine ni kumjengea huyo mwingine, hata kama ni ndugu na anapendwa. Mwalimu alimpigia simu kwa heshima, akaomba barua fupi mbele ya mashahidi kwamba familia itaendelea kuishi pale. Iliyochelewa ni barua, si ridhaa; ilifika kazi ikiwa imeshapita nusu. Tungetakiwa kuingojea.

Kazi yenyewe

Tuliondoa mistari ya juu ya matofali iliyokuwa imelegea. Udongo hauwezi kuvutwa. Unabeba uzito vizuri lakini haushiki kitu kinachotaka kupaa. Kwa hiyo tulichimba mifereji ya wima ukutani, kwenye kona, kando ya mlango na madirisha, na katikati ya kuta ndefu, ikishuka mita moja chini ya kimo cha paa. Ndani yake tukasimamisha nondo zilizopinda chini kama ndoano na kuzijazia zege. Juu ya kuta zote ukapita mkanda wa zege wenye nondo nne, ukizifunga kuta kama ukanda wa kiunoni, na zile nondo za wima zikafungwa ndani yake. Mkanda peke yake una takriban kilo 80 kwa mita, na sasa unavuta pia mita nzima ya ukuta iliyo chini yake, kilo nyingine kama 400. Linganisha na zile 160.

Tulisubiri zege likomae, tukilimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kijana mkubwa aliichukua kazi hiyo na hakukosa hata mara moja.

Kenchi za zamani tulizirudisha, mbao zote zenye ufa zikibadilishwa. Kila kenchi ikafungwa kwenye mkanda kwa ukanda wa chuma uliozamishwa zege likiwa bichi, na kati ya kenchi tukapiga mbao za mshazari ili zisilale moja juu ya nyingine. Papi tukazipanga karibukaribu zaidi kwenye kingo. Misumari ya bati ikawa ya mwili uliosokotwa, ikipigwa kila tuta la bati pembezoni na kwenye kofia inayofunika kilele cha paa, na kila tuta la tatu katikati. Mabati ya zamani yaliyo mazima yalikwenda katikati ya paa, mapya yakakaa kwenye kingo ambako upepo hushika kwanza. Kwa mbali paa lina rangi mbili.

Seremala alitaka tuache paa la mgongo wa tembo, yaani la pande mbili, tujenge la pande nne, kwa kuwa la pande nne hukabili upepo vizuri zaidi. Ana haki kabisa. Lakini linataka mbao nyingi na ukataji mwingi wa mabati, na hatukuwa na uwezo huo. Tulibaki na mgongo wa tembo, na ile pembetatu iliyoanguka ndani hatukuijenga tena kwa matofali. Tuliiziba kwa mbao nyepesi zilizofungwa kwenye kenchi, ili hata ikija kuanguka isimuue mtu.

Vyumba pia vilizua mjadala. Mmoja wetu alipendekeza chumba kimoja kizuri badala ya viwili vya kawaida. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani, unataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu bila kuhesabu mahali pa kupikia; kwa watu sita ni 21, na nyumba nzima ilikuwa na 27. Kwa vipimo chumba kimoja kisingetosha. Bibi hakuhitaji vipimo. Alisema yeye ni mzee, wajukuu ni wakubwa, na mtu anahitaji mahali pa kuvulia nguo. Vikabaki viwili.

Alichotaka zaidi bibi ni varanda ya kukaa jioni. Kibaraza kirefu kilichoungana na paa kuu ni kama mkono ulionyooshwa kuupokea upepo. Unakinyanyua na kinaondoka na nyumba. Seremala alimkatalia, bibi naye hakuachia. Mwishowe tukaijenga varanda kwa nguzo zake na paa lake, chini kidogo ya paa kuu, bila hata msumari mmoja unaoviunganisha. Upepo ukiitaka varanda, uichukue peke yake.

Dirisha la upande wa upepo lilipata komeo la chuma, juu na chini. La pili bado linafungwa kwa kipande cha mbao, kwa sababu fedha ziliisha. Deni la cherehani mama anaendelea kulilipa. Mfuko ulipofungwa, mama wa hesabu aliisomea familia karatasi yote, mstari kwa mstari, ikiwa ni pamoja na kutwa za baba na yale maturubai mawili.

Miezi minane baadaye ulivuma upepo mkali, si kama ule wa kwanza. Nilifika asubuhi. Paa kuu lilikuwa mahali pake, na kanda za chuma hazikuwa zimelegea. Varanda ilikuwa imepoteza mabati mawili ya ukingoni. Tuliyapiga kwa misumari ya zamani iliyonyooshwa, na misumari ilikuwa imetoka nayo, imenyooka. Kijana aliiokota, akaitazama, akanionyesha bila kusema kitu, kisha akaingia ndani kutafuta ile iliyosokotwa. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, akimngojea apande.